Nyongo ya Ng'ambo

Kuku akishanyonyolewa na kupasuliwa, mamangu mdogo hunyamaza. Kidole cha shahada huingia polepole chini ya ini, kikapapasa, kikatafuta kile kifuko cha kijani. Kikitoka kizima, mazungumzo huendelea pale yalipokatikia. Kikipasuka, ini ni la paka, na nyama iliyoguswa na yale maji itaoshwa kwa ndimu mara tatu na bado atapatikana mtu wa kukunja uso mezani. Kazi hiyo ameifanya Mtongwe, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, miaka arubaini na zaidi. Siku moja nilimuuliza kama anaweza kumjua kuku mwenye nyongo ya matata kabla hajampasua. "Utamjuaje, nawe hujamfungua?" alinijibu. Na kwa kuwa hapendi swali liishe bila yeye kutia la ziada, akasema njiwa hakupi taabu hiyo, maana njiwa hana nyongo.

Ni kweli, njiwa hana kibofu cha nyongo. Farasi hana, punda wa Lamu hana, ndovu hana. Wanyama wa namna hii ndio waliompa moyo daktari mmoja wa Berlin, Carl Langenbuch, wakati ambapo wengi waliamini kwamba binadamu akitolewa kibofu cha nyongo hataishi. Ikiwa ndovu na ukubwa wake wote anajiendea bila kifuko hicho, mtu naye ataweza. Langenbuch alikuwa amepewa uongozi wa hospitali ya Lazarus mwaka 1873, akiwa na miaka 27 tu. Alijizoeza kwa maiti miaka kadhaa, na tarehe 15 Julai 1882 akamfungua mwanamume wa miaka 43 aliyekondeshwa na maumivu ya muda mrefu, aliyekwisha kuzoea mofini. Kesho yake mgonjwa hakuwa na homa wala maumivu. Alikuwa akivuta biri.

Mwaka huohuo wa 1882 ilichapwa London kamusi ya Kiswahili ya Johann Ludwig Krapf, maneno aliyoyakusanya hapa Mombasa na Rabai. Mwenyewe hakuiona kitabuni, kwani alifariki Novemba 1881 katika mji wa Korntal, karibu na Stuttgart. Nawataja Wajerumani hawa wawili pamoja kwa sababu mkasa wa jiwe la nyongo katika pwani yetu unapitia kaburi moja lililo upande wa Kisauni. Krapf alifika Mombasa 1844 na mkewe, Rosine. Julai ya mwaka huo homa ilimchukua Rosine, na mtoto wao mchanga akafuata. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, Mkomani, ambako leo mtu hupita akienda Nyali bila kugeuza shingo.

Homa hiyo ilikuwa imeshaandika jina jingine upande wa bara, miaka 20 nyuma. Februari 1824, Kapteni Owen wa manowari ya Leven aliipandisha bendera ya Uingereza Mombasa kwa ombi la Mazrui, watawala wa mji, akamwacha luteni kijana, John James Reitz, awe gavana. Kufika mwisho wa Mei Reitz alikuwa ameshakufa kwa homa, katika safari ya kwenda Pangani. Kilichobaki ni jina lake kwenye mkono wa bahari unaozunguka Changamwe, na kutoka hapo kwenye hospitali ya serikali ya Port Reitz. Sijui sehemu nyingine ya nchi hii ambako hospitali ina jina la mtu aliyeuawa na mbu.

Wageni walikufa, wenyeji wakabaki, japo wenyeji nao walizika watoto wengi mno. Sababu mojawapo ya kubaki kwao ilikuja kujulikana baada ya mwaka 1949, pale Anthony Allison, kijana aliyelelewa Gilgil na kusomea Oxford, alipozunguka Kenya akichukua damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona jambo la ajabu. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, watu wengi walikuwa na chembe ya damu inayojikunja kama mundu. Kwenye nyanda za juu walikuwa haba sana. Mwaka 1954 akaandika kwamba aliyerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria. Ndiyo maana sifa hiyo haikufutika penye mbu. Lakini mtoto anayeirithi kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa wa selimundu, na katika jimbo jirani la Kilifi, watafiti wa taasisi ya KEMRI waliopima watoto wachanga waliukuta kwa karibu 8 katika kila 1,000.

Hapo ndipo nyongo inapoingia. Chembe zenye umbo la mundu huvunjika upesi, na mabaki yake ya rangi humwagwa na ini ndani ya nyongo. Rangi ikizidi huganda. Mtoto wa miaka 12 wa Mikindani au Utange anaweza kuwa na mawe meusi, madogo kama pilipili manga, katika umri ambao vitabu vya Uingereza havikumtarajia kabisa. Vitabu hivyo viliwafundisha wanafunzi kumtafuta mwanamke mnene, wa miaka arubaini, aliyezaa, tena mweupe.

Hilo la weupe lilikaa vichwani kwa muda mrefu. Hugh Trowell aliingia Kenya 1929 kama daktari wa serikali ya kikoloni, akahamia Uganda 1935, na katika kitabu chake cha 1960 juu ya magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika akaeleza jinsi maradhi kadhaa ya kawaida Ulaya yalivyokuwa adimu kwa Waafrika. Rafiki yake Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, ambaye jina lake limebaki kwenye saratani ya taya za watoto, aliendeleza wazo hilo. Aliziandikia hospitali za misheni barua baada ya barua, akiuliza wameona wagonjwa wangapi wa kidoletumbo, wangapi wa mawe ya nyongo. Majibu yalirudi na sifuri nyingi. Burkitt akasema siri ni chakula chenye nyuzinyuzi: anayekula ugali wa unga usiokobolewa, maharage na mboga, nyongo yake haigandi.

Nafikiri alikuwa na haki nusu. Chakula kimebadilika na mawe yameongezeka, na hakuna anayesimama jioni kwenye kona ya Kongowea mbele ya karai la viazi atakayebisha. Nusu ya pili ni kwamba barua zile zilihesabu waliofunguliwa tumbo. Mwenye jiwe aliyekufa kwake Shika Adabu bila kupigwa picha wala kupasuliwa hakuwa na wa kumwandika kwenye karatasi ya Burkitt. Isitoshe, mawe mengi ya nyongo hukaa kimya mpaka mwenyewe anazikwa nayo. Daktari aliyefundishwa kwamba Mwafrika hana ugonjwa huo hatauuliza, na asipouuliza hatauona, na asipouona ataandika sifuri.

Na maumivu yenyewe yalikuwa na majina tele. Chini ya mbavu za kulia, yanayopanda mpaka begani, yanayokuja saa mbili baada ya biriani: huyo atakwambia ni kichomi. Mwingine ni mchango, mwingine ngiri. Wazee waliosoma tiba ya Kiarabu walizijua tabia nne za mwili, damu, balghamu, safura na sauda, na safura kwa asili yake ni hiyohiyo nyongo ya manjano, kabla neno halijahama kwetu likawa ugonjwa wa mtu aliyepungukiwa damu na kuvimba. Siku hizi jina lililoshinda yote ni vidonda vya tumbo. Kila duka la dawa kuanzia Likoni mpaka Ng'ombeni lina chupa ya maji meupe ya kutuliza asidi, na anayekunywa hupata nafuu, kwa kuwa maumivu ya jiwe la nyongo huisha yenyewe baada ya saa chache, dawa au bila dawa. Sifa zote zikaenda kwa chupa.

Mamangu mdogo alikunywa chupa hizo miaka sita.

Kutambua jiwe kabla ya kupasua kulianza kwa mkono. John Murphy wa Chicago alieleza mwaka 1903 namna ya kumbonyeza mgonjwa chini ya mbavu za kulia na kumwambia avute pumzi. Kibofu kilichovimba kikishuka na kugonga vidole, pumzi hukatika katikati. Mbinu hiyo haina gharama na bado inatumika. Mwaka 1924, huko St. Louis, Evarts Graham na Warren Cole walipata dawa inayoonyesha kibofu cha nyongo kwenye eksirei. Kisha Ian Donald wa Glasgow, mwaka 1958, akatangaza picha za mawimbi ya sauti, na baada ya miongo miwili mitatu daktari aliweza kuliona jiwe kwenye kioo, likiwa limekaa na kivuli chake nyuma yake kama mtu aliyesimama juani.

Haya yote yalijibu swali moja: jiwe lipo au halipo? Swali la kumtoa mpasuaji jasho ni jingine. Kibofu hicho kitabanduka kwenye ini kama nyongo ya kuku mzuri, au kimegandana na kila kilicho jirani? Enzi za mkato mkubwa chini ya mbavu, swali hilo halikuwa na uzito sana. Mkono mzima uliingia, vidole vikapapasa, na penye shaka mkato uliongezwa. Kamera ndiyo iliyobadilisha mambo.

Inanichekesha kwamba kamera ilitokea nyumbani kwa Krapf. Böblingen ni mji mdogo nje ya Stuttgart, si mbali na Korntal alikozikwa yule bwana wa kamusi. Hapo, tarehe 12 Septemba 1985, mpasuaji Erich Mühe alipitisha chombo alichokibuni mwenyewe kwenye tundu dogo la tumbo, akakitoa kibofu cha nyongo bila kumpasua mgonjwa mkato mrefu. Kazi ilichukua kama saa mbili. Mwaka uliofuata akasimama mbele ya mkutano wa wapasuaji wa Ujerumani kueleza, nao wakamcheka. Waliuita upasuaji wa Mickey Mouse. Mwaka 1987 mgonjwa wake mmoja akafariki, naye akashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Hakuachiliwa na mahakama mpaka 1990. Kufikia wakati huo Philippe Mouret wa Lyon alikuwa ameshafanya upasuaji huo tangu Machi 1987, François Dubois wa Paris naye 1988, Wamarekani wakaudaka, na dunia ikawa inapigania nafasi za mafunzo. Mwaka 1992 chama kilekile kilichomcheka Mühe kikampa tuzo.

Kwa mgonjwa, faida ilikuwa wazi: matundu manne, hewa ya kabonidioksidi ya kulipandisha tumbo kama hema, kurudi nyumbani siku ya pili. Kwa daktari kulikuwa na hasara ambayo haikusemwa sana mwanzoni. Alikuwa amepoteza vidole vyake. Aliona kwa kioo bapa, akashika kwa koleo refu, na mrija mwembamba wa kibofu ukiwa umevutwa unaweza kufanana kabisa na mrija mkuu unaobeba nyongo yote ya mwili kuipeleka utumboni. Akikata ule mkuu kwa kudhani ni mwembamba, amempa mgonjwa maradhi ya maisha. Ajali hiyo iliyokuwa ikitokea mara 1 au 2 katika upasuaji 1,000 wa zamani ilipanda kufikia kama mara 5. Mwaka 1995 Steven Strasberg wa St. Louis na wenzake wakaweka sharti: usikate chochote mpaka umesafisha mafuta yote kwenye pembetatu iliyo shingoni mwa kibofu, umekibandua kibofu sehemu ya chini mpaka ini linaonekana nyuma, na umehesabu vitu viwili tu vinavyoingia, mrija na mshipa wa damu. Ukiona vitatu, au ukiona tope la makovu, hujaona.

Mwaka huohuo wa 1995 Ahmad Nassar, aliyefanya kazi Scotland, aliandika na wenzake kitu ambacho naona kina hekima ya jikoni. Alivipanga vibofu kwa madaraja manne. Daraja la kwanza, kibofu laini kinachoning'inia, shingo nyembamba. La pili, kimejaa mawe, mafuta yamezidi, vitando vichache. La tatu, kimevimba au kimesinyaa, kimezama ndani ya ini, shingo imeshikana. La nne, hakionekani, kimefunikwa na bonge la mafuta na utumbo, au kimejaa usaha, au kimeoza. Baada ya miaka mingi wapasuaji wa Uingereza na Ireland walikipima kipimo chake kwa kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 8,800 wa hospitali 166 waliopasuliwa mwaka 2014, wakakuta kinasema kweli: kadiri daraja linavyopanda, ndivyo saa zinavyorefuka na mkato mkubwa unavyohitajika. Ila madaraja ya Nassar husomwa ukiwa umeshaingia. Ni jibu la mamangu mdogo: mpaka umfungue.

Kenya ilikuwa njiani. Madaktari wa wanawake waliijua kamera ya tumbo kabla ya wapasuaji wengine, na mwaka 2003 jarida la kitabibu la Afrika Mashariki lilichapisha uzoefu wa upasuaji huo katika Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi. Mombasa ikafuata. Ukifuatilia vifaa vilikokwenda utaona vilitua kisiwani, na wagonjwa wakabaki walipo. Likoni, Kisauni na Changamwe ndizo zenye watu. Kisiwa ndicho chenye wapasuaji. Anayetoka Kisauni huvuka daraja la Nyali, lililochukua mwaka 1980 nafasi ya lile la kuelea la 1931. Wa Changamwe hupita Makupa. Wa Likoni ana feri, na feri ina hiari yake. Siku hizi ipo barabara ya Dongo Kundu kwa mwenye gari na mafuta.

Sasa nije kwenye karatasi iliyonifanya niandike haya yote. Mwaka 2009 wapasuaji wawili wa India, Randhawa na Pujahari, walichapisha njia ya kutabiri ugumu kabla ya siku ya upasuaji. Mgonjwa huulizwa na kupimwa, kila jibu likapewa alama, jumla ya juu ikiwa 15. Umri unaozidi 50, alama 1. Mwanamume, 1. Unene, mpaka 2. Kovu la zamani tumboni, 1 likiwa chini ya kitovu, 2 likiwa juu. Kibofu kinachoguswa kwa mkono, 1. Ukuta wa kibofu wenye unene wa milimita 4 au zaidi, 2. Maji kukizunguka, 1. Jiwe lililokwama shingoni, 1. Na aliyewahi kulazwa hospitali kwa uvimbe wa kibofu, alama 4 kwa mpigo. Kuanzia 0 hadi 5 ni rahisi, 6 hadi 10 ngumu, 11 kuendelea ni ngumu sana.

Angalia palipo na uzito. Zaidi ya robo ya alama zote imekaa kwenye swali moja, na ni haki yake, kwa sababu kila kibofu kinapovimba na kupoa huacha utando, na utando wa mara ya tatu hushona ule wa mara ya kwanza. Ukuta unenepao ni hesabu ya mashambulizi yaliyopita. Ninavyoisoma mimi, sehemu kubwa ya karatasi ile hupima muda: mgonjwa amekaa na jiwe kwa kiasi gani kabla hajafika kwako.

Mamangu mdogo alifika 2023, akiwa na miaka 58, baada ya mtoto wa jirani anayesomea unesi kumlazimisha apige picha ya tumbo. Picha ilisema mawe mengi, ukuta milimita 5, hakuna maji. Nilikuwa naye kwenye kliniki. Daktari, kijana mpole, alikuwa na mstari mrefu nje ya mlango.

"Mama, ushawahi kulazwa kwa maumivu haya?"

"Sijawahi, daktari. Alhamdulillahi."

Akaandika. Nilipofika nyumbani nilikaa na karatasi ya wale Wahindi nikamhesabia. Umri, 1. Mwanamke, 0. Unene wa wastani, 1. Kovu la upasuaji wa uzazi, chini ya kitovu, 1. Ukuta, 2. Jumla 5. Rahisi.

Lakini kabla hatujatoka kliniki, nesi mmoja wa makamo aliyekuwa akipanga faili, Mdigo kwa lafudhi yake, alimgeukia. "Mayo, hebu nambia. Masiku mangapi umelala ukijipinda, huwezi kunyooka, unatapika?"

Mamangu mdogo hana tarehe, ana matukio. Alianza na mwaka wa mgomo wa madaktari, ule uliofika siku 100 na kuisha Machi 2017. Alilala siku tatu na homa, macho yakawa manjano kidogo, na hospitali za serikali zilikuwa tupu. Halafu Ramadhani moja, baada ya futari ya kwanza. Halafu harusi ya Ukunda. Halafu jioni ya kafyu ya kwanza ya korona, Ijumaa ya 27 Machi 2020, ambapo watu walipigwa virungu na kurushiwa gesi ya machozi kule kivukoni wakitafuta kurudi kwao. Usiku ule hata angetaka kuvuka asingevuka. Halafu mbili baada ya korona, moja ya siku nne. Sita kwa jumla. Kila mara kulikuwa na chupa ya maji meupe na mtu wa kumkanda mgongo.

Nesi alimwita daktari kando. Niliwaona wakiongea, yeye akiinua vidole sita. Daktari alirudi, akachukua kalamu, akakata kitu alichoandika. Hakuwa na haja ya karatasi ya alama, lakini ukiitumia na ukahesabu hata mmoja wa usiku ule kama kulazwa, 5 inakuwa 9, na mgonjwa ameruka mstari. Walioitunga karatasi hawakukosea. Waliishi mahali ambapo mtu akizidiwa hivyo hulazwa, jina likaandikwa. Kwa mtu wa Mtongwe, jibu la "sijawahi kulazwa" halielezi chochote kuhusu kibofu. Linaeleza habari za feri, za mgomo, na za kadi ya bima iliyokuwa haijalipiwa.

Tarehe ikabadilishwa. Badala ya kuwekwa wa mwisho katika orodha ya mchana, aliwekwa wa kwanza asubuhi, siku ambayo mpasuaji mkubwa angekuwepo. Alitolewa damu ya kulinganisha. Akaelezwa kwa Kiswahili cha kueleweka kwamba huenda wakaanza kwa matundu na kumalizia kwa kisu, na kwamba hilo likitokea asidhani wameshindwa. Alitia kidole gumba ingawa anajua kuandika. Alisema mkono unatetemeka.

Tulivuka alfajiri. Alikuwa hajala tangu usiku, khanga imefungwa juu ya baibui kwa baridi ya bahari, na alisimama ukingoni mwa feri akihesabu taa za Kilindini kwa sauti, moja moja, mpaka tulipogonga gati.

Kazi ilichukua karibu saa tatu. Daktari kijana alitoka na kofia imelowa, akachukua karatasi ya risiti niliyokuwa nayo, akachora nyuma yake umbo la parachichi dogo lenye mkia. Mafuta ya tumbo na utumbo vilikuwa vimekifunika kibofu chote. Iliwachukua saa nzima kukiona. Ile pembetatu ya shingoni haikufunguka. Mkubwa wake alisema wasiipiganie. Wakakikata kibofu kwa juu, wakatoa mawe, wakaosha, wakakiacha kile kipande cha shingo kilichoshikamana na mrija mkuu, wakaweka bomba la kutolea maji. Yote kwa matundu manne. Chini ya mchoro aliandika nambari 4, akaizungushia duara. Nilimuuliza ni nini. "Daraja," alisema, na akaenda kunywa maji.

Bomba lilikaa siku tano. Siku ya kurudi ng'ambo alipewa mawe yake kwenye kichupa cha plastiki, ya rangi ya hudhurungi, makubwa kuliko dengu. Alikiweka kwenye kabati la vyombo, kando ya chetezo, na kila aliyekuja kumpa pole alionyeshwa. Jirani wa nyumba ya tatu, mke wa mvuvi, alikitikisa kichupa, akasikiliza, akakirudisha. Kisha mkono wake ukaenda wenyewe chini ya ubavu wa kulia.

"Yalikuwa yakianzia hapa?"

"Hapo hapo," alisema mamangu mdogo, akamvutia kigoda. "Keti. Umelala mara ngapi ukijipinda?"

Yule jirani aliketi, akakunja kidole cha kwanza. Ilikuwa mwaka mumewe alipopotelewa na dau.